Barua kwa Mwanangu: Seli Zilizodhaniwa Bubu

Mwanangu mpendwa,

Huku nyumbani hatujambo. Uliniuliza kwenye simu kwa nini kitabu chako cha uuguzi kinasema seli za glia, zile zinazozizunguka seli za neva ubongoni, ni mara kumi ya seli hizo za neva, ilhali mhadhiri anasema idadi zinakaribiana. Ukauliza pia kama kweli kazi ya glia ni kuzishikilia neva tu. Mhadhiri wako yuko sahihi, na maswali yote mawili yananifurahisha mno.

Ile “mara kumi” ilinakiliwa kitabu hadi kitabu kwa miaka mingi. Ubongo ni mgumu kuhesabu: mahali pengine seli zimesongamana, pengine zimeachana, hivyo ukihesabu kipande kimoja na kuzidisha, unapotea. Suzana Herculano-Houzel, mwanasayansi wa Brazil, na wenzake walisaga sehemu za ubongo mpaka zikawa kama supu yenye viini vya seli vinavyoelea, wakavitia rangi, wakahesabu. Mwaka 2009 walitoa majibu: neva takriban bilioni 86, na seli nyingine zote takriban bilioni 85. Katika hizo nyingine zimo pia seli za mishipa ya damu, kwa hiyo glia zenyewe hazifiki hata hapo.

Habari ya kushikilia tu ilianza na Rudolf Virchow, daktari wa Ujerumani, katikati ya karne ya 19. Ilidumu kwa sababu ya vifaa. Watafiti waliusikiliza ubongo kwa elektrodi, na elektrodi hunasa umeme. Neva hufyatua mapigo ya umeme. Glia kwa kawaida hazifyatui. Basi zikahesabiwa bubu.

Mwaka 1990 Ann Cornell-Bell na wenzake, Chuo Kikuu cha Yale, walitumia rangi inayong'aa kalsiamu inapopanda ndani ya seli. Walipozimwagia glutamati, kemikali ambayo neva hutumia kupashana habari, glia ziitwazo astrositi, waliona mawimbi ya kalsiamu yakipita kutoka seli moja hadi nyingine. Hazikuwa bubu hata kidogo. Zilikuwa zinazungumza kwa kemia, na hakuna aliyekuwa na sikio la kemia.

Kisha akaja Ben Barres wa Stanford, daktari wa neva aliyeyatoa maisha yake kwa seli hizi. Mwaka 1997 yeye na Frank Pfrieger walionyesha kwamba neva za jicho la panya zikikuzwa peke yake, mawasiliano yake huwa hafifu. Zikiwekewa glia, huimarika sana. Kwangu mimi hilo ndilo jaribio lililogeuza mambo, maana lilionyesha neva zenyewe zikihitaji msaada.

Mikroglia nazo, yaani glia za ulinzi wa ubongo, ambazo Mhispania Pío del Río Hortega alizibainisha mwaka 1919, zilidhaniwa zimelala mpaka pawe na jeraha. Mwaka 2005 watafiti walichungulia ubongo wa panya walio hai, wakakuta vitawi vyake havitulii, vinakagua huku na huku. Baadaye ikajulikana kwamba hula hata sinapsi, yaani maungio ya neva na neva, zisizohitajika ubongo unapokua. Ndiyo maana leo utafiti wa Alzheimer, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, unaziangalia kwa makini. Na wodini ukikutana na mgonjwa wa multiple sclerosis, anayepoteza nguvu au kuona ukungu, ujue ni kinga ya mwili wake inayoshambulia mayelini, ala inayofunika nyuzi za neva na kutengenezwa na glia nyingine, oligodendrositi.

Lakini usikubali kila kinachosemwa juu ya glia. Utasikia kwamba Einstein alikuwa na akili kwa sababu ya glia zake. Utafiti huo wa 1985 ulilinganisha ubongo wake mmoja na wa wanaume 11. Ushahidi mdogo mno kwa dai zito hivyo. Hata jinsi astrositi zinavyozijibu neva ndani ya ubongo mzima, wataalamu bado wanabishana.

Mtihani ukikuuliza uwiano, andika kwamba ni karibu glia moja kwa kila neva moja, kisha utaje kwamba hubadilika sana toka sehemu moja ya ubongo hadi nyingine: katika serebela, ubongo mdogo wa nyuma, neva ni nyingi mno kuliko glia, na katika gamba la ubongo, tabaka lake la nje, glia ndizo nyingi.

Mama yako