Usivutwe mguu kabla ya kupimwa

Pole sana, ndugu. Umeteguka mpirani juzi, kifundo kimevimba na kuvilia damu upande wa nje, na shangazi anataka mkandaji akauvute. Mwambie kwa heshima asubiri. Kama mfupa umepasuka, kuvutwa kutausogeza.

Jipime hivi: bonyeza mfupa uliochomoza kila upande wa kifundo, hasa ukingo wake wa nyuma, kisha jaribu kutembea hatua 4. Mfupa wenyewe ukiuma, au hatua zikikushinda, kapigwe eksirei. Ufa usiohama hufungwa hogo kwa wiki 6 hivi. Vipande vikihama, mara nyingi huwekwa vyuma kwa upasuaji.

Mguu ukikanyagika na mfupa hauumi, yaelekea ni kano tu (nyuzi zinazoshika mifupa) iliyoumia. Barafu ndani ya kitambaa dakika 15 mara kadhaa kwa siku, bandeji ya kuvutika, na mguu uinue juu ya mto. Diklofenaki (dawa ya maumivu) usimeze ovyo kama una vidonda vya tumbo.

Wengi tunakosea baadaye. Mimi uvimbe ulipoisha nilirudi uwanjani, nikateguka tena mara mbili. Anza mapema kuchezesha kifundo. Ukiweza kusimama bila maumivu, simama kwa mguu huo mmoja unapopiga mswaki (mke wangu alicheka sana). Fanya hivyo kwa wiki kadhaa.

Vidole vikiwa baridi, vimepauka au vina ganzi, legeza bandeji. Visiporudi haraka, au mguu ukiwa umepinda, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata usiku.