Kwa nini nisimpe dawa ya homa kwanza?

SWALI: Mwanangu ana miaka minne na anatibiwa saratani ya damu, tuko mwezi wa tatu wa dawa. Wiki iliyopita usiku joto lake lilifika 38.4. Alikuwa amekula vizuri na anacheza, nikampa parasetamoli, joto likashuka, tukalala. Niliposimulia kliniki, daktari alinikemea kwamba ningeweza kumpoteza mtoto. Kosa langu lilikuwa nini hasa? Halafu kila safari ya sindano ni vita, mpaka nimeanza kumdanganya kwamba tunakwenda kutembea tu. Nifanyeje?

JIBU: Mama, pole kwa kuuguza. Ulichokifanya ndicho anachofanya mzazi yeyote, na kwa mtoto asiye kwenye dawa za saratani kisingekuwa na neno. Inaniuma kwamba ulikemewa kabla hujaelezwa. Nami ni muuguzi wa watoto wenye saratani, ngoja nikueleze.

Dawa za saratani hushambulia chembe hai za mwili zinazojigawa upesi. Saratani hujigawa upesi, lakini hata uboho wa mifupa, unaotengeneza damu, na utando wa mdomo na utumbo hufanya hivyo. Kwa dawa nyingi, siku 7 hadi 14 baada ya dozi chembe nyeupe hushuka mno, hasa nyutrofili, zile zinazowahi kupambana na bakteria. Zikiwa chini ya 500 kwa kila mikrolita ya damu, mtoto yuko hatarini sana. Wakati huohuo utumbo umechubuka, na bakteria wanaoishi humo siku zote bila kumdhuru hupata mwanya wa kuingia kwenye damu. Kwa hiyo usijilaumu kwamba hukusafisha nyumba vya kutosha. Mara nyingi bakteria hao ni wake mwenyewe.

Sasa kuhusu homa. Usaha, kwa sehemu kubwa, ni nyutrofili zilizokufa. Mtoto asiye nazo anaweza kuwa na maambukizi makali bila usaha, bila uvimbe, hata kikohozi kisisikike. Dalili inayobaki mara nyingi ni homa peke yake. Parasetamoli huishusha homa hiyo, lakini haiwagusi bakteria. Wanaendelea kuzaliana, nawe unamwona mtoto yuko sawa, na kwa watoto wadogo mgeuko huja ghafla: dakika hii anacheza, baada ya saa chache mapigo yanakwenda mbio na shinikizo la damu limeporomoka. Kucheza kwake usiku ule hakukuwa ushahidi wa chochote, na hilo ndilo gumu kuliko yote kwa mzazi kulikubali.

Basi akichemka, pima kabla ya kumpa dawa yoyote. Pima kwapani au kwa njia mliyoelekezwa, kamwe si kwenye njia ya haja kubwa, kwa kuwa mchubuko mdogo pale ni mlango wa bakteria. Vituo vingi huhesabu homa kuwa ya dharura ikifika 38.0 na kudumu saa moja, au 38.3 hadi 38.5 hata mara moja. Ishike namba mliyopewa na kituo chenu, na joto likifika hapo mwondoke kwenda hospitali usiku uleule. Ibuprofeni na aspirini zisikaribie kabisa, kwa sababu chembe zinazogandisha damu nazo zimepungua. Akiwa kwenye deksamethasoni au prednisoloni, dawa za kundi la steroidi, homa inaweza isitokee kabisa. Ukimwona anatetemeka kwa baridi, amelegea, au mikono yake ni ya baridi, nenda hata kipimajoto kikisema 36.8.

Mkifika usikae kwenye foleni. Sema kwa sauti: “Mtoto wangu yuko kwenye dawa za saratani na ana homa.” Atatolewa damu ya kuhesabu chembe na ya kuotesha ili kuona kama ina bakteria, kisha atapewa antibiotiki ya mshipani. Lengo ni iingie ndani ya dakika 60 tangu mfike, bila kusubiri majibu. Na kama ulishampa parasetamoli, usifiche. Taja kiasi na saa, hakuna atakayekunyima matibabu kwa hilo.

Kuhusu sindano, acha kumwambia mnakwenda kutembea. Ataanza kuogopa kila matembezi. Mwambie asubuhi ileile, kwa umri wake siku tatu kabla ni mateso: “Leo tunakwenda hospitali. Utachomwa, itauma kidogo, nitakupakata mpaka iishe.” Kisha mpakate kweli, amekaa wima kifuani pako, kulazwa chali na kushikwa na watu wanne ndiko kunakomtia hofu zaidi. Uliza kama wana krimu ya ganzi, hupakwa kama saa moja kabla. Mpe uchaguzi ulio wa kweli: mkono huu au ule, atazame au afumbe macho. Usimuulize kama yuko tayari, maana akisema hapana utafanya nini?

Na kuna jambo hukuuliza. Watoto wa miaka minne mara nyingi huamini ugonjwa ni adhabu ya utundu, nao hawalisemi. Mwambie waziwazi, zaidi ya mara moja, kwamba hakuna alichokosea. Wakanye pia ndugu wanaomtisha, “Ukikataa kula tutamwita daktari akuchome,” kwa sababu daktari huyohuyo ndiye atakayemshika mkono kesho.