Ishike shingo

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza wasomaji: unajuaje kwamba vitunguu ulivyopanda nyumbani viko tayari kuvunwa? Mimi nashika shingo, yaani pale majani yanapoungana na kitunguu. Ukubwa hauniambii kitu, wala tarehe.

Tarehe ndiyo iliyonitia hasara mwaka wa kwanza. Nilipanda vitunguu vya aina ya Red Bombay nyuma ya nyumba, hapa Karatu, nikahesabu miezi minne tangu kuhamisha miche, nikang'oa vyote siku moja. Vilikuwa vinono, vyekundu, shingo nene na mbichi. Nikavijaza kwenye gunia, nikalisimamisha jikoni. Wiki ya tatu jiko zima lilinuka. Uozo ulikuwa umeanzia shingoni ukashuka hadi ndani. Mama mkwe, aliyelima vitunguu Mang'ola miaka mingi, alipasua kimoja akakitazama. "Mwanangu, hivi umeving'oa vikiwa macho. Kitunguu huvunwa kikishalala."

Kitunguu kinachokua husukuma majani mapya katikati, na hayo ndiyo yanayoisimamisha shingo. Kikikomaa, kinaacha. Shingo inabaki tupu ndani, inalegea, na majani yanalala yenyewe hata kabla hayajakauka. Ibonyeze kwa vidole viwili: ikibonyea, kimekomaa. Majani yakilazwa na upepo huku shingo ingali ngumu, kiache. Ndiyo maana sikubaliani kabisa na wanaoyakanyaga majani ili kuharakisha mavuno. Shingo iliyovunjwa haijakomaa, na jeraha lake ni njia ya uozo.

Kule Mang'ola, karibu na Ziwa Eyasi, maji ya chemchemi huongozwa kwa mifereji hadi kwenye majaruba, yaani vitalu vilivyozungushiwa matuta, na mama mkwe akiona vya kwanza vimeanza kulala, hufunga maji. Nami hufunga mpira wa maji. Vikishalala zaidi ya nusu nasubiri kama wiki moja, halafu nang'oa asubuhi ya siku yenye jua. Mvua ikinyemelea sisubiri, maana kitunguu kilichokomaa kikiloweshwa huanza kutoa mizizi upya.

Vilivyochanua havilali hata ukivisubiri, kwa kuwa bua la ua limepita katikati. Hivyo, pamoja na vile vyenye shingo nene (mara nyingi ni mbolea ya yurea iliyowekwa kwa kuchelewa), vitangulie chunguni, havitunziki.

Vilivyobaki navitandaza hapo hapo bustanini siku mbili tatu, majani ya mstari huu yakifunika vitunguu vya mstari ule visiungue na jua. Kisha vinapanda kichanjani, kivulini penye hewa, wiki mbili hivi, hadi shingo ikauke kama karatasi. Nakata majani nikibakiza sentimita 2 au 3.

Leo jioni nimepita nikibonyeza mstari wa kwanza. Vinne vimelala, vingine vyote vimesimama. Mpira nimeshaufunga.

Msomaji wenu, Karatu