Shangazi Anajibu: Nimeishia form two, nauza chapati, na bado nautaka unesi

Shkamoo shangazi. Mimi naishi Buza, nina miaka 26 na mtoto mmoja wa kike yuko darasa la tatu. Nilipata mimba 2016 nikiwa form two, tukapimwa shuleni nikakutwa nayo ikawa ndo basi tena, hata pepa ya form two sikufanya. Aliyenipa mimba alihama mtaa. Sa hivi nauza chapati na chai, naamka saa kumi alfajiri, siku ikiwa nzuri nabaki na elfu nane tisa, siku mbaya tunakula chapati wenyewe mpaka usiku. Ndoto yangu toka niko mdogo ni unesi. Nimenunua kitabu cha Biology cha mtumba nakisoma huku nasubiri chapati igeuke, kaka yangu akiniona ananicheka anasema utakaa dawati moja na mtoto wako. Mwaka juzi nilikopa kausha damu laki mbili niongeze mtaji, nikachelewesha siku nne tu wakaja kubeba mtungi wa gesi na godoro. Niambie ukweli shangazi, kuna njia au niache kujisumbua?
Mama Chapati, Buza

Marahaba mwanangu. Njia ipo, ila naomba uisome hii barua polepole maana kuna sehemu wadada wengi wanapotelea.

Kwanza hilo la kurudi shule. Wengi mlisikia Novemba 2021 waziri wa elimu, Profesa Ndalichako, alivyotangaza kwamba aliyeacha shule kwa mimba anaruhusiwa kurudi, na ukatoka waraka wa elimu namba 2 wa 2021. Nilifurahi siku ile sikufichi, maana 2017 tulishaambiwa hadharani hakuna kurudi. Lakini waraka ule unatoa miaka miwili toka mtoto aache shule, kwaiyo wewe haukuhusu, ukienda nao kwa mkuu wa shule utarudishwa getini utaona ndoto imekufa wakati mlango wako ni mwingine kabisa.

Mlango wako ni QT. Huu ni mtihani wa Necta kwa mtu kama wewe ambaye hana matokeo ya form two, ukifaulu unapata ruksa ya kufanya mtihani wa form four kama PC, mtahiniwa wa kujitegemea. Masomo ya form one na two yanabanwa pamoja, halafu form three na four hivyo hivyo. Vituo viko vingi na vingine vinafundisha jioni, ukishamaliza kuuza chai unaoga unaenda. Pia nenda Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, wako mjini pale Bibi Titi, waulize vituo vya karibu na Buza na kama kuna nafasi za wasichana walioacha shule kwa mimba, maana wamewahi kuwa na mpango wa kuwasomesha hao bure. Nenda mwenyewe mguu kwa mguu, usimtume mtu. Usajili wa mtihani huwa unafunguliwa mwanzoni mwa mwaka wakati mtihani wenyewe ni Novemba, ukichelewa unalipa faini, ukichelewa zaidi umeshapoteza mwaka mzima. Kwaiyo hela ya usajili iwe imeshakaa mahali kabla ya Krismasi, wenzio wakinunua nguo za sikukuu we jifanye hujaziona.

Sasa hapa ndo pa kukaza macho. Vituo vingi vya QT havina maabara, na mwenye kituo hawezi kukwambia "dada sina maabara nenda kwa jirani", atakusajili Kiswahili, Historia, Uraia, Jiografia, Kingereza, utasoma, utafaulu vizuri tu, halafu unaenda kuomba chuo cha unesi unaambiwa hapana. Kuingia unesi ngazi ya cheti au diploma wanataka form four yenye ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, na ndani yake LAZIMA kuwe na Kemia, Biolojia na Fizikia. Hesabu na Kingereza ukiwa nazo zinakuongezea nafasi. Yani hiyo Fizikia ndo itakuamulia kuliko hata hicho kitabu cha Biology ulichokijaza mafuta (najua kimejaa mafuta, usinibishie, changu cha mapishi hakifunguki kurasa zimegandana). Kabla hujatoa hata mia uliza mambo mawili, mnafundisha Fizikia na Kemia? practical mnafanyia wapi? Wakianza kukuzungusha, ondoka.

Na usikimbie. Kuna watu wanasajili QT mwaka huu na mwakani form four papo hapo, wanapata ziro tatu za sayansi wanaanza kurisiti. Mi mwenyewe hesabu nilirisiti mara mbili, ya pili nikapata D nikashangilia kama Simba kafunga dakika za majeruhi, ila ile hela na ule muda sikuvipata tena. Ukichukua miaka mitatu mpaka form four sawa tu. Diploma ya unesi nayo ni miaka mitatu, cheti miwili. Binti yako atakua sekondari na wewe uko chuo, mnagombania taa moja usiku. Huyo kaka yako basi dawati analosema liko nyumbani kwenu.

Hela sasa. Hesabu za kausha damu wako nimezipiga kwa jinsi wengi wao wanavyokopesha mtaani: laki mbili unarudisha elfu kumi kila siku kwa siku 30, hiyo ni laki tatu, umelipa laki nzima ya riba ndani ya mwezi mmoja. Benki Kuu imeweka kikomo kwa hawa wakopeshaji wadogo, asilimia 3.5 kwa mwezi, yani kwa laki mbili ni elfu saba. Elfu saba! Wengi wanaobeba magodoro ya watu hawana hata leseni. Ukikutana nao tena omba kuona leseni ya Benki Kuu kabla hujasaini, uone wanavyokua wakali.

Mkopo wa kuutafuta wewe ni ule wa halmashauri, asilimia 10 ya mapato yao ya ndani, nne za wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu, hauna riba. Ulisimamishwa 2023 ukarudi 2024. Shida yake unataka kikundi, mtu mmoja mmoja hawakupi kama huna ulemavu, na kikundi ndo kinapoulia watu kwasababu mmoja akitoroka na pesa mnadaiwa wote. Tafuta wanne unaowajua mpaka kwao, muanze hata na mchezo wa elfu mbili kwa siku miezi mitatu muone nani anasumbua, huyo anayesumbua mtoeni mapema kabla hamjaenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Na mkopo ukitoka ni wa chapati, ada itoke kwenye faida, usichanganye hata siku moja. Ukifika diploma uliza HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, toka 2023 wanakopesha baadhi ya kozi za diploma, siyo zote, kila mwaka wanatoa mwongozo wao.

Kingine, ukiwa unasoma jikoni weka kitabu mbali na karai. Utaunguza chapati na kitabu vyote.

*

Shangazi mambo vipi, mi dereva boda Mbezi. Boss alinipa pikipiki ya mkataba, elfu kumi kila siku isipokua jumapili, mwaka mmoja pikipiki inakua yangu nianze maisha. Nimefika mwezi wa kumi ananambia pikipiki zimepanda bei niongeze miezi minne, hatukuandikishana popote. Nimuachie?

Usimuachie. Elfu kumi mara siku 26 kwa mwezi, umeshampa kama milioni 2 na laki 6, unataka umuachie akampe mwingine aanze moja? Makubaliano ya mdomo nayo ni mkataba kisheria, tatizo ni ushahidi tu. Kama hela ya kila siku ulikua unamtumia kwa simu ushahidi unao, nenda kwenye kampuni ya mtandao wako waombe taarifa ya miamala miezi yote kumi, uchapishe. Halafu mtafute mtu wa kijiweni aliyekuwepo mnapokubaliana. Nendeni wote watatu kwa mwenyekiti wa mtaa muandikishane miezi miwili iliyobaki, na iandikwe kwamba siku ya mwisho anabadilisha kadi TRA iwe jina lako, maana pikipiki bila kadi ni ya kwake tu hata ungelipa mara mbili. Akigoma kuna mahakama ya mwanzo. Ongea nae kwa heshima lakini, wengine wanatikisa kiberiti tu waone kama kimejaa.

*

Shangazi kuna wakala kanambia atanipeleka Oman kazi za ndani, mshahara mzuri, anataka laki nane ya kuanzia na pasi yangu abaki nayo. Nimpe?

Pasi usimpe mtu. Wakala halali ana kibali cha serikali cha kupeleka watu nje, mwambie akuonyeshe halafu kakihakiki TaESA, ofisi ya serikali ya huduma za ajira, na mkataba wenye jina la mwajiri na mshahara uusome ukiwa bado uko hapa hapa Bongo. Laki nane kaa nayo kwanza. Akikwambia nafasi zinaisha kesho, mwache aende yeye.