Kwa nini dawa hudungwa ndani ya jicho

Ndugu, umeuliza kwa nini mama yako, aliyepata maambukizi ndani ya jicho baada ya upasuaji wa mtoto wa jicho, alidungwa sindano jichoni ilhali vidonge vipo. Sababu kubwa ni kwamba mishipa ya damu ya retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ina kizuizi kinachozifanya dawa nyingi zilizomo kwenye damu zisiufikie vya kutosha ute unaojaza jicho, na matone nayo huishia sehemu ya mbele. Hivyo daktari huchukua sampuli ya ute huo, kisha hutia dawa palepale walipo bakteria bila kungoja majibu ya maabara. Mara nyingi ni vankomisini miligramu 1 na seftazidimu miligramu 2.25, kila moja katika mililita 0.1 na bomba lake la sindano, kwa kuwa zikichanganywa huweza kufanya chembechembe. Kiasi ni kidogo mno, lakini retina haivumilii makosa ya kipimo.

Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 1995 ulionyesha kwamba, kwa wagonjwa kama mama yako, kuongeza dawa za mshipani hakukuboresha uoni, ilhali upasuaji wa haraka wa kuondoa ute uliwafaa hasa waliokuwa wamebaki kutambua mwanga tu. Maambukizi yaliyoletwa na damu ni suala jingine. Hapo dawa za mshipani ni za lazima.

Maumivu yakizidi au uoni ukififia, arudi hospitali siku hiyohiyo, kwani huenda sindano ikahitaji kurudiwa.