Jibu: Mapango ya Wabudha na ya Wahindu India yanatofautiana kwa sanamu tu?

Hapana mkuu, sanamu ni sehemu ndogo tu. Tofauti kubwa ni matumizi. Mapango mengi ya Wabudha yalikuwa makazi: ukumbi katikati, vijumba vya watawa pembeni. Chumba cha ibada kina stupa (kuba takatifu la Wabudha) mwishoni, na njia ya kuizunguka. Pale Ellora, kundi la mapango ya kuchongwa magharibi mwa India, ingia pango namba 10, la Wabudha, utazame dari: mbavu za mawe zimechongwa kuiga boriti za mbao, na hazibebi chochote! Kule Karla, kwenye mapango mengine ya Wabudha, mbao za kale zenyewe bado ziko darini.

Wahindu walichonga nyumba ya mungu. Kailasa, namba 16 hapo hapo Ellora, kazi ya karne ya 8 enzi za mfalme Krishna I, mimi hata siiti pango. Ni hekalu zima lililochongwa kuanzia kileleni kushuka chini, na ua wake uko wazi. Ukivunja mkonga wa tembo wakati wa kuchonga, ndiyo basi tena, maana yote ni jiwe moja.

Ila usidhani Wabudha walimaliza ndipo Wahindu wakaanza. Pale Ellora wako kwenye jabali moja, na baadhi ya mapango yalichongwa nyakati zilezile.

Ukipanga safari, Ellora hufungwa Jumanne, na Ajanta, mapango mengine ya Wabudha, Jumatatu.