Kadi mpya iingie, ipi itoke?

Mkuu, umeuliza namna ya kupima kadi mpya za Magic, ule mchezo wa kadi, kabla ya kuziingiza kwenye kasha lenu (cube) la kadi 360 hapo Mikindani, lile mnalogawana kwa kuzungusha kadi mezani na kila mtu kuchagua moja moja. Mimi naanza na ile itakayotoka. Kadi 360 zinatosha watu 8, kila mmoja 45, kwa hiyo meza ikijaa hakuna kadi inayobaki nje ya mchezo. Dhaifu itaonekana tu.

Ziweke mbili, mpya na ya zamani, ubavu kwa ubavu, soma gharama kwanza. Tuseme imekuja nyekundu inayochoma pointi 3 kwa mana 2 (mana ndiyo nguvu unayolipia kadi). Lightning Bolt inachoma 3 kwa mana 1, tena hata kwenye zamu ya mwenzako. Hiyo mpya isipoleta nyongeza ya maana, iache.

Halafu jiulize nani ataichukua. Kadi inayotegemea makaburi, yaani rundo la kadi zako zilizokwisha kutumika, wakati kasha zima lina mbili tatu za kuisaidia, itazungushwa meza nzima na kuchukuliwa mwisho. Hapa ndipo wengi wanateleza, wanaipenda kadi peke yake.

Na zile kadi za kung'aa (foil), unyevu wa pwani yetu unazikunja, mtu anaitambua kadi kabla hajaivuta. Tafuta za kawaida.

Taja hizo unazozifikiria, tuziangalie moja moja.